Radi ya Bi. Kazija

Siku mliyoniaga pale studio mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mwanamke aliyekwisha kustaafu ndiye anayehitaji sana kujua ni saa ngapi. Nawashukuru. Nimeitundika jikoni kwangu Mpendae na inakwenda mbele dakika kumi. Tulipokuwa tunakunywa chai, mmoja wenu aliniuliza kuhusu ile picha ya radi iliyo kwenye ujia wa kuingilia chumba cha giza: nani aliipiga, aliipigia wapi, na kwa nini imeachwa pale miaka yote huku picha za mabibi harusi zikibadilishwa kila msimu. Nilisema ni hadithi ndefu, nanyi mkarudi kwenye keki. Sasa nna wakati, na nyinyi mtasoma mkipenda.

Vyeo na mishahara nimeviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, umri wangu miaka ishirini na mitatu, nimeshaachwa na mume, naishi na mama yangu Mlandege, kazi yangu kushona. Sikwenda studio kutafuta kazi ya picha. Niliitwa na Bwana Taibali, Mhindi mmoja wa Kibohora, wa makamo, aliyekuwa na studio ndogo Hurumzi, nikamshonee pazia. Lile pazia lililochorwa bustani na ngazi za mawe, ambalo wateja walisimama mbele yake, lilikuwa limechanika katikati ya ngazi. Nilikuwa nimekaa sakafuni natia uzi, akaingia mama mmoja na binti yake aliyekaribia kuolewa. Yule mama akaangaza huku na huku, kisha akamwambia Bwana Taibali:

"Mwanangu havui buibui mbele ya mwanamme. Hapa hamna mwanamke?"

Bwana Taibali alinitazama, mimi na sindano yangu.

"Yupo," akasema.

Ndivyo nilivyoajiriwa. Aliiweka kamera sawa, akanionyesha kipira cha kubonyeza, akaniambia, "Wakitulia, bonyeza. Wasipotulia, subiri," akatoka nje akafunga mlango. Nimesoma vitabu vingi vya upigaji picha baada ya siku ile, na vyote vilisema maneno hayo hayo kwa kurasa mia mbili.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa ambalo kila mmoja wenu amelifanya ingawa hamkubali. Nilifungua mlango wa chumba cha giza nikiwa nimebeba birika la chai, na mwanga wa mchana ukaingia nami. Bwana Taibali alikuwa na picha za harusi nzima kwenye trei, na zote zikaharibika kwa mwanga ule. Hakupiga kelele. Alizimwaga, akaosha mikono, akanywa ile chai. Kisha akaenda mwenyewe nyumbani kwa wale wateja kuwaomba radhi, akanichukua nikasimame pembeni yake nisikie. Tangu siku ile sijawahi kufungua mlango wowote bila kubisha, hata wa kabati.

Alinifundisha mengine pole pole. Dawa za kuoshea picha zikipata joto huharibu filamu, kwa hiyo siku za kaskazi tulinunua barafu asubuhi na kuizungushia trei. Lenzi huota ukungu kwa unyevu wa mji huu, kwa hiyo tulizihifadhi kwenye mikebe yenye mchele uliokaangwa bila mafuta. Mara mbili mama yangu aliniuliza kwa nini nnanuka kama jiko na duka la dawa kwa wakati mmoja.

Masika yalipoanza biashara ililala. Hakuna mtu anayetaka kupigwa picha akiwa na tope mpaka kwenye magoti. Hapo ndipo Bwana Taibali alipofurahi. Baada ya magharibi alikuwa akipanda juu kabisa ya nyumba, kwenye sakafu ya wazi tulipoanika nguo, na kamera yake kubwa ya mbao yenye mvukuto wa ngozi, kuwinda radi. Alikuwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi, na mkewe alikwisha kuacha kumwuliza.

Mara ya kwanza aliponichukua nilimwambia, "Bwana Taibali, umeme unapita kabla mtu hajapepesa jicho. Utabonyeza saa ngapi?"

"Sibonyezi," akasema. "Nafungua lenzi kwenye giza, naiacha wazi. Giza haliandiki kitu kwenye filamu. Umeme ukipita, unajiandika wenyewe. Kisha nafunga."

"Basi wewe unafanya nini?"

"Nakaa. Kukaa ndiyo kazi ngumu."

Macho yake yalikuwa yameanza kufifia wakati ule. Alijua umeme umepita, lakini hakuona tena ulipita wapi. Nikawa namsimulia mimi: huu umekwenda upande wa bahari, huu umeishia mawinguni, huu umegawanyika mara tatu.

"Umegawanyika vipi?"

"Kama mzizi wa mchicha ukiung'oa."

Alicheka, na baada ya hapo kila picha nzuri aliiita mchicha. Kwa masika mawili tulipata mchicha sita. Nyingine zote zilikuwa nyeusi, au zilikuwa na alama ya tone la mvua kwenye lenzi, au zilimwonyesha jirani aliyetoka na karabai wakati usiofaa.

Sasa nifike kwenye picha mliyoniulizia.

Kaskazi moja studio iliombwa ipeleke mtu kupiga picha za harusi kusini, njia ya Makunduchi. Kijiji sitakitaja, maana wajukuu wa watu hao wapo na baadhi yao ni wateja wenu. Bibi harusi alikuwa binti wa sheha, mkuu wa kijiji. Sheha Vuai alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nzito, mwenye adabu, na alitaka picha za wanawake zipigwe na mwanamke. Nilikwenda mimi.

Kazi ya asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana, nilipokuwa natafuta mahali pa kukaa, nilimwona mwanamke wa miaka hamsini hivi ameketi peke yake nyuma ya nyumba, karibu na mahali pa kuoshea vyombo. Mbele yake palikuwa na sinia la maandazi, limefunikwa kawa vizuri, halijaguswa. Nilikuwa na njaa.

"Shikamoo. Naweza kuchukua moja?"

Alinitazama kama niliyemsemesha kwa Kireno. "Marahaba. Chukua, mwanangu. Chukua mawili."

Nilikula matatu. Yalikuwa na iliki ya kutosha. Nilipoinua kichwa, wanawake wote uani walikuwa wameacha kazi wananitazama. Bi. Mize, mke wa sheha, alinishika mkono akanivuta jikoni.

"Umekula chakula cha Kazija?"

"Kitamu."

"Yule ana radi."

Nilidhani nimesikia vibaya, maana kule watu husema Kikae na mimi nilikuwa nakishika nusu nusu. Bi. Mize akanieleza kwa Kiunguja cha mjini ili nisikose hata neno. Kazija alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye kigongo cha mawe mashariki ya kijiji. Katika miaka miwili, radi ilipiga pale mara tatu. Mara ya kwanza ilipasua mnazi wake. Mara ya pili iliua ng'ombe wawili wa jirani waliofungwa karibu na ua wake, na yule jirani akahama. Mara ya tatu ilichoma upande mmoja wa paa lake mwenyewe. Hakuna mahali pengine kijijini palipopigwa. Basi watu wakasema radi ni yake, anaifuga, anaituma kwa anayemchukia, na ile ya paa ilimrudia kwa kuwa aliituma vibaya.

"Sheha amemwambia ahame," alisema Bi. Mize. "Kampa mpaka mwisho wa masika. Na radi ikipiga tena kwake kabla ya hapo, atahama siku hiyo hiyo."

Jioni, kabla gari haijanichukua, nilikwenda kurudisha sinia. Kigongo kile hakikuwa kirefu, lakini nchi yote inayokizunguka ni tambarare, na juu yake minazi ilisimama mirefu, imetengana. Nyumba ya Bi. Kazija ilikuwa ndiyo nyumba pekee. Upande mmoja makuti yalikuwa mapya.

"Umeshaambiwa," alisema akipokea sinia.

"Nimeambiwa."

"Na umekuja." Alilifuta sinia kwa ncha ya kanga ingawa lilikuwa safi. "Mume wangu amezikwa pale, penye ule mlimau. Mimi nikihama, nani atapalilia? Na nihamie wapi? Mahali gani nitakapofika neno hili halijafika?"

Nilisema nitarudi masika kuleta picha za harusi, na hilo ndilo jambo pekee nililoweza kuahidi.

Nilipomsimulia Bwana Taibali alisikiliza mpaka mwisho huku akisugua lenzi iliyokwisha kuwa safi.

"Radi haijui jina la mwenye nyumba," alisema. "Inatafuta kitu kirefu. Kigongo chote kile kinapigwa, nakuapia. Lakini watu wanaona palipo na nyumba tu, kwa sababu ndipo panapovunjika kitu. Panapopigwa pori, nani anakwenda kutazama?"

"Basi twende tukawaambie."

"Mimi? Watasema Mhindi kaja na mazingaombwe. Na wewe, Rukia, umekula maandazi yake." Aliiweka lenzi kwenye mkebe. "Usiwaambie. Waonyeshe."

Masika yalipoanza alinikabidhi kamera yake ya mbao, vikasha vitatu vya filamu, kila kimoja filamu mbili, na maelekezo ya kutosha watu kumi. Mama yangu alisema maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha akanifungia mkate wa kumimina.

Sheha Vuai alifurahia picha za binti yake. Alizipanga barazani, akazipanga tena. Nilimwacha amalize ndipo nikamwomba: ikitokea mvua ya radi, niiweke kamera barazani kwake, ielekee kile kigongo, na Bi. Kazija aje akae hapo hapo, karibu yangu, mbele ya macho ya watu.

"Kwa nini hapa kwangu?"

"Kwa sababu hapa ndipo kigongo chote kinapoonekana, mwanzo mpaka mwisho. Na kwa sababu wewe ndiye uliyetoa neno. Bora uone mwenyewe."

Alifikiri sana. Nnaamini lile neno alilotoa halikumpa raha. Alikuwa amesukumwa, na alijua kwamba amesukumwa.

"Njoo naye," akasema mwishowe. "Lakini ikipiga kwake, neno langu liko pale pale."

Siku mbili ilinyesha mvua ya kawaida, bila hata ngurumo. Siku ya tatu joto lilikuwa la kukaba koo tangu asubuhi. Mchana niliisimamisha kamera barazani, nikaning'iniza jiwe la kusagia katikati ya miguu yake mitatu ili upepo usiitikise, nikapiga picha moja ya kigongo kikiwa kwenye jua. Hili liwekeni akilini, nyinyi mnaopenda kuharakisha: kabla hujapiga kitu gizani, kipige mchana kutoka pale pale, usiisogeze kamera hata unywele. Baadaye utajua unachokitazama.

Baada ya magharibi wingu lilikuwa limekwisha kulala juu ya kigongo. Baraza ilijaa watu, wanawake upande wa ndani, wanaume upande wa uwanjani. Niliomba taa zizimwe, kwa kuwa mwanga wowote ungeingia kwenye filamu, na hilo halikumpendeza mtu. Bi. Kazija alikaa kwenye mkeka karibu na mguu wa kamera, akipitisha tasbihi. Watu waliacha nafasi kumzunguka ambayo angeweza kulala mtu mzima.

Nilifungua lenzi. Nikakaa.

Umeme wa kwanza ulipita mbali. Wa pili uliwasha wingu lote kwa ndani. Filamu mbili zikaisha bila kitu cha maana. Kwenye ya tatu ngurumo ilipasuka karibu mno, mtoto akalia, na Bi. Mize akapiga ukelele, "Kioo! Kile kioo kinaiita!" akaruka akaifunika kamera na kanga yake. Mnajua kwamba watu wetu hufunika vioo vyote mvua ya radi inapoanza. Sikumlaumu, lakini filamu ile ilikufa, na ya nne ilikufa wakati nilipokuwa nnaivua kanga, kwa sababu kwa haraka nilikivuta kifuniko cha kikasha upande usio wake.

Ikabaki moja, kwa kuwa ile nyingine niliimaliza mchana.

Niliitia, nikaifungua lenzi, nikamwambia Bi. Mize, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, kwamba akiisogelea tena nitaondoka na picha za bintiye. Kisha kigongo chote kikawaka. Umeme ulishuka, ukashuka tena kabla macho hayajarudi, ukashuka tena. Tulikuwa vipofu na viziwi. Sikuhesabu, hakuna aliyehesabu. Lakini ule wa mwisho kila mtu aliuona, mnene na mweupe, ulisimama juu ya nyumba ya Bi. Kazija kama nguzo.

"Kwake!" mtu akapiga kelele. "Kwake tena!"

Nilifunga lenzi. Mvua ikamwagika, na kwa mwanga wa umeme mdogo mdogo nikamwona Bi. Kazija ameangusha tasbihi, mikono imelegea mapajani. Hakulia kwa sauti. Watu wote walikuwa wamegeuka wanamtazama yeye, si kigongo.

Sheha Vuai alisema taratibu, "Imepiga kwake mbele ya macho yetu. Nilitoa neno langu."

"Sheha," nikasema, "nipe siku nne nikaioshe hii picha."

"Picha itaonyesha nini ambacho sisi hatukukiona?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuiosha."

Nilitegemea anikatalie. Ile mvua ndiyo iliyonisaidia, nadhani: hakuna mtu angemfukuza mjane kwenye maji yale. "Siku nne," akasema, "na Kazija atalala hapa kwangu." Bi. Mize alifungua mdomo, akatazamwa, akaufunga.

Mjini nilifika nimelowa mpaka kwenye mifupa, lakini kikasha kilikuwa kikavu, nimekifunga kwenye kitambaa cha mpira na kukibana mwilini. Bwana Taibali alikigusa kikasha kile kwa ncha za vidole akanirudishia.

"Osha wewe, Rukia. Macho yangu hayatoshi tena."

Sikuwahi kuosha filamu peke yangu. Alivuta kiti akakaa nje ya mlango wa chumba cha giza. Nilitia barafu, nikapima dawa, nikapima tena, nikazima taa. Mle ndani nilisikia maji tu. Dakika zilipotimia nikaihamishia kwenye dawa ya kugandisha, nikangoja, nikawasha taa ndogo, nikaiinua.

"Kuna nini?" aliuliza kutoka nje.

Kwenye filamu, kama mnavyojua, nyeupe huwa nyeusi. "Mstari," nikasema. "Mnene. Upande wa kulia, kwa Bi. Kazija."

"Na nini?"

Niliisogeza karibu na taa. "Mwingine. Katikati." Sauti yangu ilianza kuvunjika. "Na mwingine. Na huku mwisho, kushoto, miwili iko pamoja. Bwana Taibali, mitano! Imepiga kigongo chote!"

Nilisikia kiti chake kikisogea. Kisha akasema, "Sasa usiiguse kwa vidole vyenye machozi. Ina chumvi."

Tulipopata picha kwenye karatasi nilimshika kidole cha shahada nikakipitisha juu ya kila mstari, kuanzia mawinguni mpaka kwenye kigongo. "Mchicha," akasema kila mmoja ulipofika chini. "Mchicha. Mchicha."

Siku ya nne niliziweka picha mbili barazani kwa Sheha Vuai, ya mchana na ya radi, moja chini ya nyingine. Alipiga magoti. Aliweka kidole kwenye mstari mnene, akashuka nacho kwenye picha ya mchana.

"Hapa kwa Kazija," akasema. Akahama. "Hapa ni mikoche. Hapa pori." Akafika kushoto kabisa, kwenye ile mistari miwili, na kidole kikasimama.

Mzee mmoja aliyekuwa akichungulia begani kwake alisema, "Hapo si minazi yako, Sheha?"

Alichukua bakora yake akaanza kutembea, na kijiji kikamfuata. Kwenye mikoche tulikuta shina limechanwa kutoka juu mpaka chini, mbao zake nyeupe bado mbichi. Kwenye pori, mti umekatika kichwa. Na kwenye shamba la sheha, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kupita msimu ule, minazi miwili ilikuwa imeungua vilele, na mmojawapo ulikuwa bado unanuka moshi. Lakini kilichomsimamisha kilikuwa mnazi wa tatu, pembeni. Huo ulikuwa na kovu la zamani, pana kama kiganja, limeshaota ukungu wa kijani, linalozunguka shina lote.

"Huu niliukuta hivi nilipokuwa mtoto," alisema, mkono juu ya kovu. "Nilikuwa naweka mguu hapa nikiupanda. Siku zote nilidhani ni uzee, kumbe ni radi."

Bi. Kazija alikuwa nyuma kabisa, kanga kichwani.

"Kazija," aliita sheha.

"Naam."

"Nimekukosea."

Alikuja mbele, wala hakuharakisha. "Umenikosea miaka miwili, Sheha. Sasa unaniomba radhi kwa neno moja?"

"Unataka nini?"

"Kaburi la mume wangu nitalipalilia mchana. Nijengeeni nyumba bondeni, chini ya kigongo, kwa miti mizuri. Na mje kujenga nyote. Wote waliosema."

Walikuja takriban wote. Wanaume walikata miti, wanawake wakasuka makuti, na nyumba ikasimama kabla masika hayajaisha. Sisemi kila mtu aliamini picha. Wako waliosema mpaka mwisho kwamba kamera ilitiwa maneno, na Bi. Mize aliendelea kupita njia ya mbali kila alipokwenda kisimani. Watu hawabadiliki wote kwa siku moja kwa ajili ya kipande cha karatasi, hata kama kimeoshwa vizuri. Sisi tunaofanya kazi hii tunatakiwa kulijua hilo na kuendelea kuosha.

Bwana Taibali alipoteza macho kabisa mwaka uliofuata. Aliendelea kuja studio kila asubuhi na kukaa pale mlangoni, na alijua kwa kunusa kama dawa imechoka. Wanafunzi wote waliokuja baadaye, mimi nikiwafundisha, kwa kweli walikuwa wanafundishwa na yeye kwa mdomo wangu.

Masika ya mwaka huo huo nilikwenda kumtembelea Bi. Kazija. Nilikuwa nimechukua kamera ndogo, na globu za kumulikia, zile zilizokuwa zikiungua mara moja tu, kwa kuwa alitaka picha ya ndani ya nyumba yake mpya. Baada ya alasiri wingu jeusi lilikuja ghafla kutoka baharini, na umeme ukaanza kupiga kwenye kigongo. Nikasikia miguu inakimbia nje, kisha mlango ukagongwa.

"Kazija! Kazija, fungua!"

Nyumba yake ilikuwa ndiyo iliyo chini kuliko zote, na imejengwa imara kuliko zote, kwa kuwa imejengwa na watu wenye kujuta. Waliingia wanawake wanne na watoto. Wakaingia wengine. Wa mwisho alikuwa Bi. Mize, amelowa, amembeba mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa yule bibi harusi. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika, hajui kama aingie.

"Ingia, mtoto atapata baridi," alisema Bi. Kazija, akampokea mtoto, akamkausha kwa kanga yake mwenyewe, akaketi naye kitandani. Mtoto akashika kidole chake hakukiachia.

Niliona picha. Nilitia globu, nikainua kamera, nikasubiri watulie, nikabonyeza. Sikumwonya mtu. Chumba kizima kililipuka mwanga mweupe.

Walipiga mayowe yote waliyokuwa nayo. Mmoja alilala kifudifudi, mwingine akaingia chini ya kitanda, Bi. Mize akasoma shahada kwa sauti kubwa. Kisha moshi kidogo ukatoka kwenye kamera yangu, na wote wakageuka kumtazama Bi. Kazija.

Yeye alikuwa akitikisika mabega, mkono umefunika mdomo, mtoto akirukaruka mapajani pake.

"Msinitazame mimi," alisema alipoweza kusema. "Hiyo ni ya Rukia!"

Na Bi. Mize ndiye aliyeanza kucheka wa kwanza.